Kal Mkimya wa South End

Nzigire alijaliwa ulimi wa kuchekesha, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba ulimi wa namna hiyo unafungwa kamba, kama mbuzi karibu na shamba la watu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minane alipojiunga na darasa la wazee wanaotafuta uraia, pale South End, Louisville. Mwalimu wao alikuwa Leonardi, Mtanzania mpole. Alipoona wazee wanawasahau marais kama ndoto za alfajiri, akaamua kuwafundisha kwa majina yao ya utani. Washington, Baba wa Taifa. Lincoln, Abe Mwaminifu. Jackson, aliyekuwa jenerali, Mzee Mti Mgumu. Cleveland, aliyewahi kuwa meya wa Buffalo, Mjomba Jumbo, kwa ajili ya kitambi chake. Na Coolidge akaitwa Kal Mkimya.

Leonardi aliendelea kueleza kwamba yule Mkimya alikutana na waandishi wa habari mara mia kadhaa, tena alisikika redioni, lakini jina likishamkaa kiongozi, watu hawamwoni tena yeye, wanaliona jina. Maneno hayo Nzigire hakuyasikia. Alikuwa amegeuka nyuma kumtazama shemeji yake, huku kicheko kinampanda.

Shemeji huyo ni Mirindi, mdogo wa marehemu mumewe, mpakiaji wa ghala la vipuri vya magari, mtu wa kuongea kidogo na kufanya mengi. Mwaka ule jumuiya ya Wakongo ilikuwa inachagua mwenyekiti, naye akajitokeza. Jumapili ya uchaguzi, baada ya ibada, aliitwa mbele aseme. Alisimama. Akatia mkono mfuko mmoja wa koti, akautoa mtupu, akautia mfuko wa pili. Ukumbi ulimsubiri. Nzigire, kwenye benchi la akina mama, hakuvumilia kile kimya.

"Mumuache," alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Huyu ni Kal wetu, Mkimya. Tukimchagua, mikutano itakuwa ya kukonyezana."

Watu walicheka mpaka mchungaji akafuta machozi. Mirindi naye alitabasamu, akaketi, na siku ile hakusimama tena. Waliomchagua walikuwa wachache wa kutia huruma. Tangu hapo akawa Kal dukani, Kal kwenye basi, Kal hata kwa watoto waliokuwa wanajifunza kutembea. Miezi minne baadaye alihamia Columbus bila kuaga. Nzigire akajiambia kwamba mtu mzima hakimbii utani, lazima amepata kazi nzuri zaidi.

Mwaka ulipita. Leonardi, akipanga vitabu vya darasa jipya, alikuta karatasi ndani ya kitabu alichokirudisha Mirindi. Aliona jina la Nzigire, akampelekea. Nzigire aliisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama alivyofundishwa kabla ya kutolewa shule darasa la nne:

*Ndugu zangu, mimi kusema mbele ya watu sijazoea, ndiyo maana nimeandika. Kutunza watu nilifundishwa na shemeji yangu Nzigire. Kule kambini, ukimbizini, alikuwa anagawia uji watoto wa wenzake kwanza, ndipo wa kwake. Mukinichagua nitafanya vile.*

Kumbe mifukoni alikuwa anatafuta karatasi hii. Nzigire aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Katika ukoo wa mumewe ilikuwako desturi. Jina baya hurudishwa na mdomo uliolitoa. Aliyelitoa husimama mbele ya watu, hulitamka mara ya mwisho, kisha hulimeza kwa funda la maji. Tangu hapo anayelitumia anamtukana huyo aliyelimeza. Basi Nzigire alitia chupa ya maji mkobani, akapanda basi kwenda Columbus kwa binti yake Gentille.

Gentille akamwambia amechelewa. Baba mdogo alikaa Columbus miezi mitano tu. Watu wa Louisville walikuja kwenye harusi, mmoja akamwita Kal mbele ya maharusi, na kabla ya wiki kwisha mji mzima wa Wakongo ulikuwa unamwita hivyo. Akahama tena, akaenda Buffalo.

"Na wewe?" Nzigire aliuliza.

Gentille aliinamia sufuria. "Mama, hata mie nilikuwa namwita Kal. Nilizania anapenda."

Siku Gentille hakuwa na zamu walishika barabara, mwendo wa saa tano. Kanisa la Mirindi lilikuwa karibu na barabara ya Bailey, katika jengo lililokuwa duka la viatu. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wako kwenye chai. Nzigire alikuwa bado anakung'uta theluji mlangoni aliposikia sauti ya mwanaume inasimulia, inapanda na kushuka, na vicheko vinaifuata.

"Sasa ofisa wa uraia ananiuliza, taja rais aliyekuwa jenerali. Donc, mie kichwa kimejaa majina ya utani tu. Nikamujibu, Mzee Mti Mgumu! Akatazama karatasi yake, akanitazama mie..."

Ilikuwa sauti ya Mirindi. Nzigire aliingia. Macho yao yakakutana, na hadithi ikakatika hapo hapo.

"Leo Redio imezimika," alisema Leya, msichana aliyekuwa anamimina chai, na watu wakacheka. Alimweleza mgeni kwamba Redio ndilo jina la mzee huyu, kwa sababu hanyamazi, na kwamba mwezi uliopita walimchagua awe msemaji wao.

Nzigire alishika chupa ya maji ndani ya mkoba. Akatazama nyuso zile moja moja. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kusikia lile jina. Ili alimeze, ingebidi kwanza alitamke, na likitamkwa hapa, litaota hapa.

"Mama, Louisville ulikuwa unamujua?" Leya aliuliza. "Alikuwa vile vile?"

Mirindi alitazama kikombe chake. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu anayesubiri sindano.

"Alikuwa na maneno mazuri," Nzigire alisema. "Sisi ndio hatukungoja kuyasikia."

Alikunywa chai yao, akasifu maandazi yao. Mirindi alimwuliza habari za safari na za miguu yake, naye akajibu. Hadithi ya ofisa haikuendelea, ingawa watu waliiomba mara mbili. Mirindi alipowasindikiza mpaka kwenye gari, Nzigire alimpa ile karatasi. Mirindi aliisoma amesimama kwenye theluji, akairudisha mkononi mwa Nzigire taratibu.

"Bon, shemeji. Hiyo ilikuwa ya watu wa Louisville," alisema. "Ubaki nayo."

Akarudi ndani. Gentille alitaka kuwasha gari, mama yake akamshika mkono. Akashusha kioo, baridi ikaingia. Walikaa hivyo kitambo, mpaka kutoka ndani ya lile duka la viatu sauti ikaanza tena, polepole, kisha ikapanda, na watu wakaangua kicheko.

"Sasa twende," Nzigire alisema.