Rangi ya Kucha Kwenye Injini

Wanaume wa barazani kwetu hapa Kanyenye wanaweza kuzihukumu nchi ambazo hawatazikanyaga maisha yao yote. Mwingereza, watakwambia, alijua kutengeneza gari la porini, ila linavuja mafuta tangu likiwa jipya. Mchina anang'aa, lakini mwaka wa tatu milango inaanza kupiga kelele. Mhindi ni wa kubana matumizi, usimtwishe mzigo. Wakishawamaliza hao wanabaki wawili, Mjapani na Mjerumani, na hapo ndipo chai yangu hupoa vikombeni bila mtu wa kuinywa.

Mjapani alikuwa wa mume wangu, Sabiri. Ni pikapu nyeupe ya milango minne, aliyobebea asali na nta kutoka porini tangu binti yetu Anifa anaanza shule. Mjerumani alikuwa wa mwalimu Adriano wa Mtendeni, gari dogo la bluu aliloachiwa na padri aliyerudi kwao. Sabiri na mwalimu ni marafiki wa kufa na kuzikana. Kwenye magari tu ndipo wasipopatana.

Mji huu mtu akitaka kulisifia gari lake husema neno moja: injini haijafunguliwa. Maana yake hakuna fundi aliyewahi kuingiza spana ndani. Sabiri alikuwa akilisema hilo kama mtu anayetaja ukoo wake. "Babu wa babu yangu alikwenda Bagamoyo na kurudi, pembe begani, kwa miguu," alikuwa akisema. "Yule naye hakufunguliwa." Watu wanacheka, nami nacheka, maana wakati huo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Siku moja ya Idi ubishi ulipamba moto mpaka mwalimu akasema basi, injini zifungwe. Silasi, fundi mwenye gereji mkabala na nyumba yetu, apake rangi kwenye nati za kifuniko cha injini za magari yote mawili. Spana ikigusa, rangi itabanduka na watu wataona. Atakayefungua kwanza atachinja mbuzi na kukiri mbele ya baraza zima kwamba mwenzake alisema kweli. Silasi hakuwa na rangi. Anifa, aliyekuwa amekuja kutusalimu, akatoa kwenye mkoba wake kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya damu ya mzee, akainama mwenyewe chini ya boneti na kupaka nati moja moja.

"Baba, sasa umeshaliozesha na gari pia," alisema. "Bado hina tu."

Mimi nilikuwa nikimgombeza kwa rangi ile, kwamba inamharibia udhu. Alikuwa ananijibu kwamba ataiondoa kabla ya sala, na kweli alikuwa na dawa yake ya kuiondolea, aliyoiacha kwangu kabatini kwa sababu kwake Kwihara ilikuwa inamwagika. Ndiye mtoto wangu pekee. Nilijifungua mmoja, nikaambiwa basi.

Mwaka huu, masika yalipoisha, jagi langu la jikoni likaanza kupotea alfajiri. Nikamvizia mwizi. Nikamkuta mume wangu, mtu mzima na kanzu ya msikitini, ameinama gizani anamimina maji kwenye rejeta. Kesho yake tena. Gari lilikuwa linakunywa maji kuliko punda, na hayo maji hayakuonekana yanakokwenda.

"Mpelekee Silasi alitazame," nikamwambia.

"Atasema lifunguliwe."

"Si lifunguliwe?"

"Mama Anifa, mwalimu anasubiri hilo tu. Ni joto. Mvua zikirudi litatulia."

Nikamwambia mficha maradhi, kilio humuumbua. Akanyanyua jagi, akaingia ndani. Nilimwambia mara nyingine na nyingine, nikamwambia mbele ya chakula na nyuma ya chakula, mpaka akawa analificha hata jagi.

Anifa alikuwa na mimba ya miezi tisa. Jumamosi moja, tumetoka kusali adhuhuri, mume wake Nasri akapiga simu kutoka Kwihara. Anifa anatokwa na damu, zahanati wamesema apelekwe hospitali kubwa mjini sasa hivi, na gari la wagonjwa limekwenda mbali na mgonjwa mwingine. Nasri alikuwa ameshaona bajaji. Sabiri akamkatalia. "Njia ile na bajaji utamtikisa mtoto. Nakuja na gari."

Tulikwenda vizuri. Mshale wa joto ulipanda kidogo, Sabiri akawa anautazama na kunitazama, mimi natazama njia. Kwihara tukamkuta Anifa amelala mkekani kwenye kivuli cha nyumba, midomo imepauka. Tukampakia kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Kucha zake zilikuwa na ile rangi. "Mama usinigombeze," akasema, "leo sisali." Nikamwambia nyamaza, mwanangu, pumzika.

Hatukufika mbali. Mvuke ulianza kutoka chini ya boneti, kisha ukatufunika kioo chote. Sabiri akashuka, akamimina dumu zima. Gari likatapika maji yale, likawaka, likatembea kidogo, likachemsha tena, likazimika. Alipojaribu tena halikutoa hata sauti. Kushoto mashamba ya mihogo, kulia mashamba ya mihogo, na mbele njia ile ile ambayo babu zake walipita na mizigo.

Akampigia mwalimu Adriano. Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe akisema, "Mwalimu, nimekwama na Anifa, ana hali mbaya." Na nikasikia simu ikijibu, "Natoka sasa hivi, niko njiani."

Basi tukangoja. Nasri alitaka kumpigia yule wa bajaji. Sabiri akamwambia mwalimu yuko njiani, gari lake linakimbia, bajaji itatuchelewesha. Khanga yangu ikalowa, nikaongeza ya pili. Nasri akaomba tena, Sabiri akapiga simu tena, mwalimu akajibu tena kwamba anakuja. Ndugu yangu, kutoka Mtendeni mpaka pale tulipokuwa si safari. Wapagazi wangembeba kwenye machela, kwa miguu, wakamfikisha.

Jua lilipoanza kushuka Nasri aliacha kuomba. Akasimama katikati ya njia akamzuia mtu wa pikipiki aliyebeba mkaa, wakamwaga mkaa chini, akaondoka naye kuitafuta bajaji. Ndiyo iliyotufikisha hospitali. Wakampasua, wakamtoa mtoto wa kike mzima. Mama yake damu ilikuwa imeshakwisha. Daktari, binti wa umri wa Anifa, alinishika mkono akasema, "Mama, angefika mchana..."

Asubuhi tulimleta Anifa nyumbani kuzikwa, pamoja na mtoto wake. Mwalimu Adriano alikuwa amekaa barazani peke yake, viatu vimejaa vumbi. Alisimama aliponiona.

"Mama Anifa, gari langu halijawaka tangu Pasaka," akasema. "Nalisukuma nje kila siku, nalifuta, watu wanaliona. Jana niliita watu tukalisukuma Mtendeni nzima. Nilijua litawaka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani litawaka."

Nikaingia kumwosha mwanangu. Mwosha maiti aliponiambia maji hayapiti kwenye kucha zenye rangi, nikaleta kile kichupa cha dawa kutoka kabatini, nikaiondoa mwenyewe, kidole kwa kidole. Kazi niliyomgombezea miaka yote, nikaifanya mimi.

Walimzika baada ya adhuhuri. Wanaume wakarudi kukaa chini ya turubai, na pikapu ilikuwa imeshavutwa kwa trekta na kuegeshwa pale pale pembeni yao. Mimi nilikuwa dirishani na wanawake. Kisha Lukumani muuza vyuma, mtu asiyejua kufunga mdomo, akasema polepole, kwa nia ya kufariji labda, "Lakini tuseme kweli. Mjapani alikwenda mpaka Kwihara. Mjerumani hakuwaka kabisa."

Nikamwona mume wangu anainua kichwa. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu usiku, ukafunguka kidogo.

"Na haijafunguliwa mpaka leo," akasema.

Nilihisi chuki ambayo sikujua ninayo. Nikachukua kile kichupa cha dawa na pamba, nikatoka, nikapita katikati ya wanaume na viatu vyao. Nikainua boneti. Rangi ya Anifa ilikuwepo, kila nati, nyekundu vile vile. Nikalowesha pamba, nikaanza kufuta.

Sabiri alikuja mbio. "Mama Anifa. Mbele za watu?"

"Mliifunga mbele za watu."

"Ile ni rangi yake," akasema. "Niachie hata hiyo."

Nilisimama kidogo, pamba mkononi, kwa maana nami nilitaka ibaki. Kisha nikaendelea mpaka nati ya mwisho. Nikamwambia Silasi afungue.

Silasi alileta spana, lakini Sabiri akampokonya. Akaiweka kwenye nati ya kwanza akavuta. Ilikataa. Akavuta tena kwa uzito wake wote, machozi yanamdondokea kwenye chuma, na ikakataa. Mwalimu Adriano akatoka kwenye mkeka wake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mwenzake, wakavuta pamoja wazee wawili, na hakuna aliyewasaidia.

Sikungoja kuona kama ilifunguka. Mjukuu wangu alikuwa analia ndani, nikaenda kuchemsha maji ya maziwa yake.