Jiwe Hufuata Ardhi

Bwana afya alikuja siku ileile banda la gari lilipokamilika, utadhani alikuwa kajificha kichakani akihesabu makuti. Alifungua utepe wake, akapima kutoka ukuta wa nyumba hadi nguzo ya kwanza, akatikisa kichwa. Futi sita. Sheria ya mji inataka kumi. Halafu akatazama juu, na hapo ndipo alipokasirika kweli. Petroli chini, makuti juu! Likishika moto, nani ataulizwa?

"Libomolewe," alisema. "Kuta za mawe na saruji, paa la bati, ramani yenye muhuri. Na gari lisilale njiani. Leseni yenu inakwisha mwisho wa mwezi, na bila ya banda hakuna nyengine."

"Inshallah, bwana," alijibu Mjaka.

Mkewe, Kazija, aliyekuwa kasimama mlangoni, alitamani kumrukia mtu, na mtu huyo hakuwa bwana afya. Alikuwa mumewe. Miaka yote hiyo, kila anayemkanyaga Mjaka huombwa radhi na Mjaka.

Gari lile la abiria, la kwenda Kengeja na kurudi Chake, nusu yake lilikuwa la Kazija. Lilinunuliwa kwa ng'ombe wake watatu aliowafuga tangu yu mwari. Na sasa karafuu zilikuwa zimeanza kuiva. Mwenye leseni angebeba wachumaji na magunia msimu mzima. Asiyenayo angekaa barazani kula vumbi la wenzake.

Saruji na bati hazikumtisha, kwani bangili zake zilikuwa bado mkononi. Kilichomtisha ni ardhi. Kiwanja walichokaa, pembezoni mwa Gombani, kilikuwa cha Mzee Abrahman, mwenye mikarafuu yote ya pale. Miaka kumi na miwili nyuma aliwakaribisha kwa sharti moja: jengeni kwa udongo na makuti, jiwe msinitilie, maana anayejenga kwa jiwe hang'oki. Basi mji unataka mawe, na mwenye ardhi anataka udongo. Mtu afanye nini, ajenge hewani?

"Nenda kazungumze naye," alisema Kazija. "Na leo uzungumze kama ntu mzima."

Mjaka alikwenda, akarudi anacheka. Mzee karidhia. Tena karidhia kwa moyo mweupe, hata muhuri wa ramani kaulipia mwenyewe, kwa kuwa afisini hawapokei ramani isiyo na jina la mwenye ardhi. Mjaka katia kidole gumba chini ya jina lile, wamekunywa kahawa, wameagana vyema. Kazija hakukipenda kidole kile, lakini mwezi ulikuwa unakwenda. Akauza bangili.

Kwa wiki tatu aliteka maji ya kukorogea saruji, akabeba mawe kichwani, akawapikia mafundi muhogo, usiku akajilaza na mgongo unaomuwaka. Bwana afya akaja, akapima, akasema banda zuri kama lile hajaliona Chake nzima. Akaandika anayoyaandika, akaenda zake.

Asubuhi ya pili Mjaka alikuwa analiosha gari ili aliingize. Mara gari dogo jeusi la Mzee Abrahman likakata kutoka barabarani, likapita mbele yao, likaingia bandani. Mzee akashuka, akafunga mlango taratibu.

"Mmenijengea vizuri," alisema. "Mungu awalipe."

"Tumekujengea?" aliuliza Kazija.

"Ramani ina jina langu, mwanangu. Mumeo katia kidole."

"Mzee Abrahman, pano Pemba ntu hupanda mkarafuu shamba la ntu mwengine, na mwenye mti huchuma mti wake. Banda lino tumelipanda siye."

"Mti ni mti. Jiwe hufuata ardhi."

"Na leseni yetu?"

"Leseni inataka mwenye gari awe na banda. Nyiye hamna."

Damu ilimpanda Kazija kichwani. Mjaka akamshika mkono. "Hasira hasara, Kazija."

"Na upole wako umetupa faida gani?"

Alijinasua, akaingia ndani, akatoka na nyundo. Ngazi ya mafundi ilikuwa bado imeegemea ukutani. Alijifunga kanga kiunoni, akapanda, akaung'oa msumari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Bati likalia, likaporomoka uani kwa kishindo, na jua likamwagika juu ya gari jeusi.

"Una wazimu?" Mzee Abrahman alipiga kelele. "Shuka! Langu hilo!"

"Jiwe hufuata ardhi, mzee. Bati hufuata msumari, na misumari naing'oa."

"Basi na nyumba mtahama! Leo hii!"

Kazija alikwishalishika bati la pili. Lilikuwa zito kwa mtu mmoja, na machozi ya hasira yalikuwa yanamziba macho. Ndipo alipohisi ngazi ikitikisika. Mjaka alikuwa anapanda, wala hakumtazama mzee chini. Akashika upande wa pili.

"Tutalala wapi?" alinong'ona.

"Garini."

"Na gari lilale wapi?"

"Njiani," alisema Kazija, "na siye ndani yake. Shika bati."