Mkono wa Kituyi

Kwa miaka ishirini na sita Gideon Mabonga aliitwa Kapteni katika mtaa wa Munyaka, mjini Eldoret, na hakuwa kapteni. Katika meli ya Sumba, iliyobeba abiria na mizigo ziwani kutoka Port Victoria hadi Kisumu, kazi yake ilikuwa kupaka mashine mafuta. Aliyeshika usukani alikuwa Kituyi.

Meli ilipouzwa, Gideon alihamia Eldoret akawa mlinzi wa kinu cha mahindi. Wenzake langoni walijisifia mashamba na ndugu zao wanariadha. Yeye hakuwa na la kujisifia ila mji wake, Port Victoria. Basi siku moja akawasimulia dhoruba ya mwaka wa themanini na nne: jinsi usukani ulivyozunguka kwa nguvu ukamvunja nahodha mkono, naye akaukamata hivyo hivyo saa saba nzima, mpaka abiria sitini wakashuka Port Victoria wakiwa hai.

"Na huyo nahodha alikuwa nani?" mmoja akauliza.

"Mimi," Gideon akasema.

Muda wote wa dhoruba ile alikuwa chini kwenye mashine, akitapika.

Mwaka jana watu wa Port Victoria wanaoishi Eldoret walikubaliana kutengeneza ubao wa kumbukumbu ya mabaharia wao, utundikwe katika ukumbi wa mji kule nyumbani, ili watoto wajue mji ule ulizaa watu wa aina gani. Katibu wao, mwalimu Mildred, alikuja kwa Gideon na daftari. Alimsikiliza mchana kutwa, na kila neno akaliandika.

"Kapteni, nimeskia kuna mwenzako bado yuko, Mzee Kituyi," alisema akifunga daftari. "Anakaa Moi's Bridge kwa binti yake. Nimeshapiga simu kwamba nitaenda Jumamosi."

Gideon alikoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Usimsumbue, mwalimu. Akili ilishamtoka. Atakuchanganya tu."

"Pole sana. Basi sitaenda."

Ubao ulitundikwa Desemba. Jina la Gideon lilikuwa juu kabisa, na hadithi ya dhoruba chini yake. Akina mama waliokuwa wasichana wakati ule walikuja kumshika mkono, mmoja akilia, akisema marehemu mama yake alikuwa ndani ya meli ile. Gideon aliandaliwa samaki mzima kwa ugali wa mtama. Hakumgusa.

Januari alienda Moi's Bridge. Alimkuta Kituyi ameketi nyuma ya nyumba, kando ya mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, akifukuza kuku kwa kijiti. Alikuwa amekonda, lakini akili yake ilikuwa timamu. Aliuliza habari za wenzao wa meli mmoja mmoja, kwa majina.

Binti yake, Nanzala, alileta viti. "Kuna mwalimu alisema anakuja kuandika habari za Baba," alimwambia Gideon. "Nikamnunulia shati. Amemngoja huyo mwalimu Jumamosi tatu, amevaa, ameketi hapa hapa."

Nanzala aliporudi jikoni, Gideon alisema yote. Hakujitetea. Kituyi alimsikiliza akitazama mahindi.

"Na mkono?" aliuliza mwishowe. Aliuinua ule wa kulia, uliopona ukiwa umepinda. "Mkono pia ulisema ni wako?"

"Ndiyo."

Kituyi aliushusha taratibu juu ya goti.

"Nanzala," aliita, "mletee mgeni chai. Mimi nimechoka, naingia ndani."

Gideon alikunywa chai ile peke yake.

Kesho yake alimwambia Mildred ukweli. Mwalimu hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Kwa nini ulinifanya nimdanganye mzee wa watu?" Jumamosi iliyofuata alienda mwenyewe Moi's Bridge, akaomba msamaha, akafungua daftari. Kituyi alimkaribisha vizuri, akamwambia hana hadithi. Akasema hataki, katika umri wake, kuonekana anagombania jina na mwenzake. Mildred alibembeleza hadi jioni, akarudi na ukurasa mtupu, na ubao ukabaki vile vile.

Kituyi alifariki mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeanza. Kwenye mazishi, kabla ya sala ya mwisho, Gideon aliomba kipaza sauti akaeleza mbele ya watu wote ni nani aliyeokoa abiria sitini, na ni nani aliyeiba sifa hiyo. Watu waliguna kwa huruma. Mzee mmoja alimwambia mwenzake, "Ona vile anampenda rafiki yake, mpaka anampa sifa zake mwenyewe."

Gideon alisikia. Alimtafuta Nanzala kwa macho kule mbele, lakini Nanzala alikuwa ameinama akinyoosha shuka juu ya jeneza, na hakugeuka.