Safari ya Kumwalika Mama Hayrat

Musyu Ferrand alikuwa na mashamba ya mizabibu kwao Ufaransa, na alikuja Nosy Be na jambo moja kichwani: kuonja ramu ya kila kiwanda kisiwani kwa siku moja. Mimi, Hamada, dereva wa hoteli moja ya Hell-Ville, nilikodishwa pamoja na gari. Muislamu mzima, nazungushwa kutoka pipa hadi pipa! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama.

Mchumba wangu, Saïda, alikuwemo pia, kiti cha nyuma pamoja na Madamu, mke wa Musyu. Alikuwa akimshonea Madamu nguo, na aliomba aje amshikie mwavuli. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Nikaha yetu ilikuwa Ijumaa, na karibu na kiwanda cha Dzamandzar aliishi Mama Hayrat, aliyemnyonyesha Saïda baada ya mama yake kufa uzazini. Kwetu sisi Wangazija huolewi bila aliyekunyonyesha kujua, na habari hiyo humtumi mtu, unaipeleka mwenyewe. Mimi sikuwahi kumwona bibi huyo. Nilikuwa mgeni kisiwani, nimetoka ng'ambo, Mahajanga.

Niseme wazi: asubuhi ile hapakuwa na mtu mwenye furaha kunishinda. Barabara ilipita katikati ya milangilangi iliyochanua, bahari ikitokeza na kujificha, na Saïda alicheka kila Musyu alipoonja. Maana Musyu hakumeza. Alizungusha glasi, akanusa, akajaza mashavu, kisha puu, chini! Kiwanda cha kwanza puu, cha pili puu.

"Hata dhambi hawajui kuifanya," nilimnong'oneza Saïda, naye akauma mdomo asiangue kicheko mbele ya Madamu.

Dzamandzar, Musyu na Madamu walipoingizwa ghalani na msimamizi, tulimkuta Mama Hayrat uani kwake akianika mihogo. Alimkumbatia Saïda, akalia, akacheka, akamshukuru Mungu kwa Kingazija chake kilichochanganyika na Kimalagasi. Kisha akanigeukia.

"Na huyu bwana harusi, mtoto wa nani?"

"Wa Mikidache, mama. Wa Boanamary, kule Mahajanga. Alikuwa kiwanda cha nyama."

Akaacha mihogo. "Mikidache wa Nadjma? Nadjma aliyeshikwa na homa akakaukiwa maziwa?"

"Ndiye mama yangu, Mungu amrehemu."

Mama Hayrat akapiga kigelegele. Akanishika mashavu kwa mikono yenye unga. "Hamada wangu! Mimi ndiye niliyekunyonyesha! Nilikuwa nimemzika wangu wa kwanza, maziwa yananiuma, nikaletewa wewe. Nilipohamia huku nikamzika wa pili, nikaletewa Saïda. Mungu alichukua wawili, akanirudishia wawili. Na leo mmekuja pamoja!"

Alikuwa anafurahi. Wallahi, alikuwa anafurahi, na mpaka leo siwezi kumchukia kwa hilo. Hakufikiri hadi alipouona uso wa Saïda. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, hata kama walipishana miaka, na ndugu hawaoani. Hilo mtoto wa chuo cha Kurani analijua kabla hajajua kusoma. Nyumbani nilisikia tu kwamba alikuwapo mwanamke aliyeninyonyesha, akahama na mumewe. Nani angeuliza alihamia wapi?

Mfa maji haachi kutapatapa. "Mara ngapi, mama?" nikauliza. "Sheria inataka mara tano za kushiba. Labda ilikuwa mara moja tu, au mbili?"

"Mara ngapi?" Akaniachia mashavu. "Mwanangu, ulinyonya msimu mzima wa mvua. Ulinona mpaka watu wakanitania." Akakaa chini pale pale, akajifunika uso kwa kanga.

Musyu akaniita. Tukaondoka.

Juu ya kilima wakashuka, yeye na Madamu, wakaenda kutazama visiwa vilivyotapakaa baharini. Sisi tukabaki garini.

"Tunaojua ni watatu tu," nikamwambia Saïda. "Mama Hayrat nikimwomba atanyamaza. Twende Mahajanga, twende popote."

"Hatuko watatu, Hamada. Na huyo wa nne humwombi anyamaze."

Nikaghadhibika. Nilimkasirikia Musyu na ramu yake, na baba na ukimya wake, na ile homa, na maziwa yenyewe yaliyonifanya niishi. Nikamwambia Saïda hanipendi. Neno baya, nami nililisema kwa sauti.

Alikuwa akilia kimya. "Ningekuwa sikupendi," akasema, "ningekuacha uingie nami dhambini."

Kisha akashuka, akafungua mlango wa mbele, akakaa kando yangu. Alikuwa hajawahi kukaa hapo. Upepo wa kilimani ukavuta shali yake, ikaanguka mabegani. Nikangoja aipandishe. Tangu tuposane sikuwa nimeona unywele wake hata mmoja. Ilikuwa haki yangu ya Ijumaa, nami nilikuwa nimeiota mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema bila haya. Nywele zake zilikuwa nyeusi sana, zimesukwa upya kwa ajili ya harusi.

"Jifunike," nikamwambia. "Saïda, nakuomba, jifunike."

"Kwa nini?" akasema, akifuta machozi. "Hapa hakuna mtu. Yupo kaka yangu tu."