Mtani Wangu Mwenyekiti

Stefania alilalamika Jumatatu, na kabla wiki haijaisha mtendaji wa mtaa akaja na mgambo wawili. Nilisimama mlangoni na ufagio wangu nikiwatazama wakikaribishwa chai. Mimi nilikuwa nimelalamika tangu Rajabu.

Kero yetu ilikuwa moja: kibanda umiza cha Mathias cha kuoneshea mpira, hapa Manundu, kilichobanwa kati ya nyumba yangu na ya Stefania. Mpira ukioneshwa, yeye anapata kelele za spika. Mimi napata mkojo. Vijana wanazunguka nyuma na kukojolea ukuta wangu wa udongo, na mkojo unapenya hadi uani ninapotandika mswala. Tangu mume wangu Mwinjuma afariki, ule ua ndio msikiti wangu. Ikawa alasiri nasali chumbani, nimejibana kati ya kitanda na gunia la mahindi.

Mtendaji alipoondoka, spika ilikuwa imegeuzwa. Haikumwelekea tena Stefania. Ilinielekea mimi.

Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Mumewe yu hai, anafanya kazi Hale, na kila akija anashusha samaki. Ana bati jipya. Na sasa ana serikali! Nilimwonea wivu hadi kamba yake ya kuanikia nguo, jinsi mashuka yalivyotulia juu yake.

Siyo kwamba sikwenda kushtaki. Nilikwenda kwa mwenyekiti wetu, Ponsiano. Yeye ni Mnyamwezi, babu yake alikuja kukata mkonge, na mimi ni Mzigua, kwa hiyo sisi ni watani. Hatujawahi kusalimiana bila kutukanana.

"Mtani," nikamwambia, "vijana wananikojolea ukuta. Bila shaka umewatuma wewe, maana nyie Wanyamwezi mlizoea kukojoa njiani na mizigo kichwani."

Akacheka mpaka akashika meza. "Mzigua gani anakataa mbolea ya bure? Panda mchicha!"

Nami nikacheka, nikarudi nyumbani kusubiri. Nikaenda tena, tukacheka tena. Kumbe habari yangu alikuwa akiitembeza sokoni kama kichekesho. Stefania ni Mbena, hana utani naye. Yeye alikaa kwenye benchi, akasema shida yake, akasikilizwa.

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, nikanyoosha mkono.

"Haya, mtani wangu huyo kasimama!" Ponsiano akapaza sauti. "Shikeni mbavu!"

Watu wakacheka kabla sijafungua kinywa. Stefania naye alicheka, kajifunika mdomo kwa khanga. Hapo ndipo nilipochomwa moyoni.

"Ndugu Ponsiano," nikasema. Sijawahi kumwita kwa jina. "Mahali ninaposujudu pana mkojo."

Ponsiano akaacha kucheka.

"Mtani, mbona..."

"Leo sina mtani. Nina mwenyekiti."

Mtendaji akaniuliza kwa nini sikuleta malalamiko mapema.

"Niliyaleta ofisini kwa mwenyekiti. Muulize alichokuwa akikicheka."

Ponsiano akatazama viatu vyake.

Walikuja kwangu siku ileile, mtendaji na mgambo wake. Mtendaji hakuhitaji kuoneshwa kitu, alinusa tu. Mathias akaamriwa afunge kibanda mpaka achimbe choo, spika iingie ndani, na ukuta wangu aukandike upya kwa mkono wake mwenyewe. Stefania akanifuata hadi mlangoni.

"Mama Ikram, mbona hukuniambia? Tungekwenda pamoja."

"Wewe ulishapata chako," nikamjibu.

Akaondoka kainamisha kichwa, wala sikumwita.

Sasa nasali uani, alhamdulillahi, na udongo umekauka. Jana nilikuwa naukunja mswala baada ya alasiri, Ponsiano akapita.

"Habari za jioni, mama."

"Nzuri, mwenyekiti."

Hakusimama. Alikwenda hadi pale anapokaangia vitumbua Hafsa, Mzigua mwenzangu aliyehamia kutoka Kwaluguru.

"We Mzigua, hivyo ni vitumbua au mawe ya kujengea?"

"Kula tu, mtani! Ukifa nachukua koti lako!"

Wakacheka mpaka mafuta yakaanza kuungua. Mimi nikabaki pale na mswala begani, natazama. Hilo neno la koti ni langu. Hafsa kalisikia kwangu.