Sauti ya Kazini

Kazini napokea simu za watu waliochemka. Mtu amekatikiwa maji siku ya nne, vyombo vimejaa, nguo zimelala kwenye beseni, anapiga na kunitukana mpaka babu yangu. Mimi nashusha sauti. "Pole sana, nimekuelewa." Akipanda, sipandi. Miaka sita sijamkatia mtu simu, na msimamizi huwakalisha wafanyakazi wapya karibu nami ili wajifunze.

Kosa langu ni kwamba sauti ile nilirudi nayo nyumbani.

Mume wangu ni fundi seremala. Akikasirika, anakasirika mzima mzima, kisha yanaisha, anaulizia chai. Mimi nikikasirika nazidi kuwa mpole. Nilijiona nina busara. Kumbe mwenzangu alijiona anaishi na ukuta.

Jumamosi mchana nilirudi nikamkuta wifi yangu, dada yake mkubwa, sebuleni, anakunja mashati ya mdogo wake na kuyapanga begini.

"Anakwenda wapi?"

Mikono ya wifi ikasimama. "Hukuambiwa? Amepata kazi ya mwaka mzima, milango na madirisha ya hoteli mpya, huko mbali. Anaondoka kesho."

Mume wangu akatoka chumbani na boksi la patasi. Roho ilinipasuka, lakini mdomo ukafanya ulichozoea.

"Nimekuelewa," nikamwambia. "Ni uamuzi mzito. Ungependa tuuzungumzie?"

Akanitazama weee. "Samahani, dada wa simu. Nibonyeze namba ngapi nizungumze na mke wangu?"

Wifi alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

"Sifanyi mzaha," mume wangu akaendelea. "Wiki tatu nimekaa na habari hii. Kila nikitaka kusema, najiambia, huyu atanipa pole tu. Mtu anakwenda zake mwaka mzima, mkewe anamuuliza kama angependa kuzungumza! Ningekuwa kabati ungenisikitikia zaidi."

Hapo ndipo nilipopanda. Nilimwita mwoga. Nilimwambia wiki tatu amelala ubavuni mwangu na siri yake, anakula chakula changu, ananiitikia "ndiyo, mpenzi," huku anajua. Nilimwambia kwamba ninanyamaza kwa sababu naogopa nikifungua mdomo atakwenda, na sasa nimenyamaza na bado anakwenda, basi nimenyamazia nini? Nikalipindua begi, mashati yakamwagika sakafuni. Jirani alizima redio ili asikie vizuri.

Pumzi iliponiishia, mume wangu alikuwa amekaa chini katikati ya mashati, macho mekundu.

"Kwa hiyo hutaki niende."

"Nataka uniulize kwanza."

"Haya. Nakuuliza. Niende?"

"Sijui. Kaa tufikirie wote wawili."

Akatoa simu, akampigia mkuu wa kazi ile ya hoteli palepale, akaomba asubiriwe mpaka Jumatano. Alipomaliza, alinisogezea nafasi sakafuni. Nikakaa.

Wifi alikuwa anaokota mashati. "Alhamdulillahi, yametulia. Lakini wifi yangu, kumwita mume mwoga mbele ya dada yake, na majirani wametega masikio! Mwombe msamaha yaishe."

"Mwache, dada," mume wangu akasema.

"Simwachi. Neno moja tu, wifi. Litakupunguzia nini?"

Wote wawili wakanitazama. Sikushusha sauti.

"Siombi," nikamwambia. "Kuficha kwake kulikuwa woga, na nimeuita kwa jina lake. Kesho ukiniuliza tena, nitakujibu hivihivi. Siombi."