Musyi ni Mfereji

Pale Nuu, kwenye kioski cha maji, mtungi wa mtu mzima una heshima zake. Mama anaupanga kwenye foleni, anauwekea jiwe juu, halafu anaenda zake sokoni kununua nyanya na kupiga porojo mpaka achoke. Akirudi anaukuta palepale. Foleni ikisogea, nao umesogezwa. Hakuna wa kuutoa. Jaribu uone, utatukanwa mpaka usahau kilichokuleta. Ndivyo desturi ilivyo, na Kalunde wa gredi ya sita aliamini kwamba desturi hiyo ni ya kila mtungi, hata wake. Maskini.

Jumamosi hiyo alifika mapema, kabla hata ya Nzomo, mwenye ufunguo wa mfereji. Akaupanga mtungi wake karibu kabisa na mbele na kuuwekea jiwe. Alikuwa na sababu. Wiki iliyopita alirudi nyumbani mikono mitupu, tangi lilikauka kabla ya zamu yake, na mama yake akalazimika kuteka maji ya kuchimbua mchangani kule mtoni, wanakonywea punda na ng'ombe. Mbithi, mdogo wake wa mgongoni, akayanywa. Tangu siku hiyo anaharisha, macho yamemwingia ndani, na nesi wa zahanati alisema wazi kwamba mtoto huyu asiguse tena maji ya mtoni. Ni ya kioski tu, tena yachemshwe. Mama hakumchapa Kalunde. Alimwambia tu, "Wewe cheza. Endelea kucheza." Maneno hayo yalimuuma kuliko fimbo, na leo alikuwa ameapa hachezi.

Basi akaja Ben. Huyu ni mtoto wa Mama Ben, yule mwenye hoteli ya chai na chapati pale stendi, ambaye mitungi yake hujaa mkokoteni mzima.

"Tapo!" Ben alipiga kelele. "Nani anacheza tapo? Mshikaji ni mimi!"

Watoto wote waliokuwa kwenye foleni wakaruka. Tapo ya Nuu haina mambo mengi. Mshikaji anafumba macho, wengine wanatawanyika, na akikugusa kabla hujafika musyi, umekwisha, unakaa chini. Musyi ni nyumbani kwa Kikamba. Inaweza kuwa mti, nguzo, chochote mlichokubaliana. Ukiwa umeishika, au umemshika mkono aliyeishika, hakuna mshikaji chini ya jua anayeweza kukugusa. Na anayeshikwa wa kwanza ndiye anayechagua musyi ya raundi inayofuata, angalau naye apate kitu cha kujifutia machozi.

"Kalunde leo anaogopa," Ben akasema.

Aka! Aogope nani? Ben hajawahi kumshika hata siku moja. Kalunde akatazama foleni. Nzomo bado hajafika, mtungi una jiwe lake. Raundi moja tu, akajiambia, na huyoo, akatimua mbio.

Musyi ilikuwa mlango wa duka la kina Deqa, mtoto mwenzao wa foleni, upande wa pili wa soko. Kalunde hakufika. Alipokata kona, kandambili yake ikachomoka kamba. Akachutama nyuma ya mkokoteni airekebishe, na kutoka pale akaiona foleni yote.

Mama Ben alikuwa anasukuma mitungi ya watoto kwa mguu. Kwa mguu, jamani! Anaitoa mmoja mmoja mpaka mwisho wa foleni, anapanga ya kwake. Mtungi wa Kalunde ukaanguka, jiwe likabingirika. Na wale akina mama wengine, watu wazima wanaokwenda kanisani, wanatazama tu na kusogeza mitungi yao mbele. Mara Ben akapita akikimbia.

"Wapeleke mbali!" mama yake akamwambia. "Wazungushe mpaka kule shuleni. Chapati yako leo ina maharagwe."

"Sawa, mwaitu!" Ben akamjibu mama yake kwa Kikamba, anacheka.

Kumbe! Kumbe ndiyo sababu kila siku ya maji Ben ndiye anayeanzisha mchezo, Ben ndiye mshikaji, na kila mara anawakimbiza upande uleule, mbali na mfereji. Kumbe wiki iliyopita pia. Kalunde alimwona Mbithi akilini, na yale macho yake, akaona na sahani ya maharagwe, na hasira zikampanda. Akatupa kandambili, akaenda peku mpaka mbele ya Mama Ben.

"Mama Ben, huo mtungi ulikuwa huku mbele. Ulikuwa na jiwe."

"Mtungi wa nani?"

"Wangu."

"Mtungi wa mtoto hauna mwenyewe," Mama Ben alisema, na hata hakumtazama. "Ukitaka maji, kaa nao. Unarukaruka kama mbuzi halafu unakuja kunisumbua mimi?"

"Na wewe ukienda hotelini, wako si unabaki?"

"Wee! Nani amekufundisha kujibizana na wakubwa?"

Kalunde akamgeukia Nzomo, ambaye sasa alikuwa amefika na anafungua kufuli. "Mzee Nzomo, umesikia?"

"Mimi ni wa mfereji, mtoto wangu. Ya foleni ni yenu," Nzomo akasema, akafungulia maji.

Akina mama walijifanya wanafunga leso. Kalunde aliwachukia wote, mmoja mmoja, na hakulia. Kulia angelia nini, wakati maji yanamwagika kwenye mtungi wa Mama Ben na tangi linashuka? Akarudi uwanjani anakotafutwa, na bado hakuna aliyekuwa ameshikwa.

Alikimbia mara moja tu, ovyo ovyo, kisha akapunguza mwendo. Mkono wa Ben ukampiga begani.

"Tapo! Nimemshika Kalunde! Mmeona? Nimemshika Kalunde!"

Bega lilimwasha kama limepakwa pilipili. Akakaa chini, akangoja mpaka raundi ikaisha na wote wakakusanyika.

"Musyi mpya," akasema, "ni mfereji."

"Una wazimu?" Deqa akashtuka. "Watatuchapa!"

"Mtungi wako uko wapi, Deqa?"

Deqa akageuka. Wote wakageuka. Ilichukua muda kuitambua mitungi yao, ilivyokuwa imelala kule mwisho, mingine chali. Kalunde akawaambia nani aliisogeza na wao walikuwa wanakimbizwa ili iweje. Ben akatazama chini. Deqa alimkodolea macho hadi Ben akageuza uso.

"Fumba macho, Ben," Deqa akasema. "Si wewe ndio mshikaji? Fumba."

Naye Ben, angefanya nini? Akafumba.

Wakaenda kama waliofunguliwa zizini. Kalunde alikuwa wa kwanza kuukumbatia mfereji, Deqa akamshika mkono, mwingine akamshika Deqa, wakajizungusha pale mpaka mtungi wa pili wa Mama Ben ukasukumwa kando na maji yakawa yanamwagikia miguuni mwao. Nzomo akakimbilia kuyafunga. Akina mama wakapiga kelele. Mama Ben alimvuta Kalunde mkono, Kalunde akang'ang'ania bomba.

"Ben!" mama yake akaita. "Njoo unitolee takataka hizi hapa!"

Ben akaja mbio, mkono juu, vile mshikaji anavyokuja. Alipofika mbele ya Kalunde akasimama.

"Mvute!"

Mkono wa Ben ukashuka polepole.

"Siwezi, mwaitu."

"Huwezi nini? Mguse tu, ataachilia!"

"Wako musyi."

"Nitakunyima chakula, Ben. Haki ya Mungu leo utalala njaa!"

"Wako musyi, mwaitu," Ben akarudia.

Kisha mama mmoja kule nyuma akainua mtungi wa Kalunde, akaupangusa vumbi kwa leso, akauleta mpaka mbele bila kumtazama mtoto machoni. Mwingine akaleta wa Deqa. Kalunde hakuwaambia asante. Walikuwa na mikono hiyohiyo tangu asubuhi.

Nzomo akafungulia maji tena. Mama Ben aliondoka akitukana, mkokoteni nusu mtupu.

Kalunde alipofunga mtungi wake mgongoni kwa kamba, Ben alikuwa bado amesimama palepale.

"Kalunde," akasema kwa sauti ndogo. "Kesho tutacheza?"

Kalunde akakaza kamba, maji yakimlowesha mgongo.

"Tutacheza," akasema. "Lakini kesho mshikaji ni mimi, Ben. Na wewe ukimbie."